Asiyeweza Kuhama Ndiye Mwenye Haki ya Kuhoji

Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland ya Dar es Salaam mabao 5-0. Wakati huo hapakuwa na klabu iitwayo Simba. Jina hilo lilikuja mwaka 1971. Wengi wa wanaovaa jezi nyekundu leo hawakuwa wamezaliwa, na baadhi yao hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa. Lakini mtajie kijana wa Simba wa miaka ishirini kipigo kile, hatakuambia kwamba kilikuwa cha watu wengine wenye jina jingine. Atakujibu hapo hapo kwa 6-0 ya Julai 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga matatu peke yake, na akiona bado unacheka ataongeza 5-0 ya Mei 2012. Kijana wa Yanga atamrudishia 5-1 ya Novemba 2023, na mabishano yataendelea hadi kijiwe kitawanyike. Hakuna kati yao aliyegusa mpira katika mechi hizo, na hakuna aliyelipwa. Aibu wameirithi, na fahari pia. Jina la klabu lilibadilika, wachezaji wamezeeka na wengine wamefariki, makocha wamekuja na kuondoka, na wanaoendelea kubeba matokeo hayo ni mashabiki, wakiyazungumzia kama mambo ya nyumbani kwao.

Uaminifu wa namna hii ni nadra katika maisha ya mjini, na unastahili kuheshimiwa kuliko unavyoheshimiwa. Tatizo ni vipimo tunavyoupimia. Kijiweni, redioni na kwenye simu zetu, shabiki anayeitwa Simba lialia au Yanga damu hupimwa kwa mambo mawili: ukali wake dhidi ya mtani, na wepesi wake wa kuwatetea viongozi wa klabu yake kwa lolote watakalofanya. Akizembea la kwanza anaambiwa hana uchungu na timu. Akilikosa la pili anaitwa mamluki. Vipimo vyote viwili, kwa maoni yangu, vinapima mambo mengine kabisa. Uaminifu wa shabiki uko katika kutohama kwake, na kwa kuwa hahami, kitu pekee alichobaki nacho cha kuilinda klabu ni sauti yake. Klabu inayomfundisha kuinyamazisha sauti hiyo kwa jina la mapenzi inamnyang'anya silaha mtu ambaye tayari ameshaukubali mzigo wote.

Tuanze na hilo la kutohama, maana wapo wanaodhani shabiki hufuata ushindi. Azam ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008. Ina uwanja wake Chamazi, ina mfadhili mwenye nguvu na asiyeyumba, na msimu wa 2013/14 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kama mapenzi yangekuwa yanafuata makombe na utulivu wa fedha, nusu ya Dar es Salaam ingekuwa imeshahamia Chamazi. Badala yake Simba au Yanga ikienda kucheza huko, wageni ndio wanaojaza viti. Nchi hii imekuwa na mabingwa wengine pia: Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Coastal imebaki mioyoni mwa watu wa Tanga ingawa ubingwa wake una zaidi ya miaka thelathini, na watu hao, pamoja na majirani zao wa African Sports, wangestahili kuandikwa mara nyingi zaidi kuliko tunavyowaandika. Simba yenyewe, baada ya ubingwa wa 2012, ilikaa hadi 2018 bila kuuona tena. Katika miaka hiyo watani wao walijiita wa kimataifa na kuwacheka waliobaki nyumbani. Hatukuwaona watu wa Msimbazi, makao ya Simba, wakivuka kwenda Jangwani kwa Yanga kutafuta furaha, wala watu wa Jangwani hawakuvuka Simba ilipobeba makombe manne mfululizo baadaye.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko katika mgawanyiko wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970. Ugomvi ndani ya klabu ulizaa kambi mbili. Moja iliitwa Raizon na nyingine Kandambili, majina ya viatu, vya wenye nazo na vya wasio nazo. Walioondoka walikwenda na wachezaji nyota na wakaunda Pan African. Kwa mtazamo wa kawaida wa soka, timu ilikuwa imehama: miguu iliyofunga mabao, sura zilizoshangiliwa, watu wenye uwezo wa fedha. Waliobaki walibaki na jina, jengo na dhihaka. Kipigo cha 6-0 cha 1977 kiliwakuta katika hali hiyo, na Simba ikachukua ubingwa kila mwaka tangu 1976 hadi 1980. Yanga ilirudi kileleni 1981. Pan African nayo ikawa bingwa 1982, ikithibitisha kwamba haikuwa timu ya kubeza. Lakini umati haukuifuata. Leo Yanga ni mojawapo ya klabu zenye mashabiki wengi zaidi Afrika Mashariki, na Pan inakumbukwa zaidi na wazee na waandishi wa historia ya soka. Wenye kandambili walikuwa wameelewa jambo ambalo wenzao hawakuliona: nyota wanaweza kubebwa kwenye gari moja wakahamishwa, lakini mtaa, kumbukumbu na watu wenyewe havibebeki.

Kwa hiyo shabiki anapomdai mchezaji uaminifu ule ule alionao yeye, anadai kisichodaiwa. Clatous Chama aliimbwa Msimbazi kwa miaka, akaitwa Mwamba wa Lusaka, na Julai 2024 akasaini Yanga. Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga mwishoni mwa 2022, mvutano ulidumu miezi hadi ukafika masikioni mwa Rais wa nchi, na Juni 2023 akaishia Azam. Katika visa vyote viwili wapo waliozungumza kana kwamba ndoa imevunjwa. Mchezaji anauza kazi ya mwili wake kwa miaka michache kabla magoti hayajamkataa, na ana haki ya kutafuta malipo bora kama fundi yeyote. Akitimiza mkataba na kujituma uwanjani, amemaliza deni lake. Shabiki hana mkataba na hana umri wa kustaafu. Kuvichanganya viwili hivi kunamwonea mchezaji, na kunamfanya shabiki amwage uchungu wake kwa mtu asiye na mamlaka juu ya klabu huku wenye mamlaka wakipita pembeni bila kuulizwa.

Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na chombo alichomo ana njia mbili: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti, na uaminifu ndio unaomfanya achague kubaki na kusema pale ambapo angeweza kujiondokea. Maelezo hayo yanaufaa mpira kuliko yanavyoifaa biashara. Mwenye duka la sabuni anajua mteja akikerwa ataenda duka la pili, na hofu hiyo inamfanya awe makini. Kiongozi wa Simba au Yanga hana hofu hiyo. Anajua kwamba mtu wake, hata akidanganywa, hata akiuziwa tiketi ya mchezo usiochezwa, hatakwenda ng'ambo ya pili. Hilo linampa kiongozi uhuru ambao hakuna mfanyabiashara mwenye ushindani aliyewahi kuupata. Ndiyo maana mahali ambapo kuondoka hakuwezekani, sauti inakuwa kizuizi pekee kilichobaki, na anayeitaka inyamaze anaomba mamlaka yasiyo na mpaka.

Tumeshaona kinachotokea sauti inapogeuka kuwa makofi. Agosti 2016 mkutano wa wanachama wa Yanga uliridhia ombi la mwenyekiti wao, Yusuf Manji, la kukodishwa timu na nembo ya klabu kwa miaka kumi. Jambo zito kiasi hicho, la kukabidhi jina lililojengwa tangu 1935, lilipita katika mkutano wa siku moja. Mpango ule haukutekelezwa, na Mei 2017 Manji alijiuzulu. Si haki kumsahau kwa fedha nyingi alizotoa na makombe yaliyopatikana wakati wake. Wana Yanga wanamkumbuka kwa shukrani, na wanayo sababu. Lakini mfadhili alipoondoka klabu ilibaki na mifuko mitupu, na waliokuwa wameshangilia ndio waliolazimika kuinua mzigo. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuhamasisha michango, na watu wa kawaida wakatuma walichonacho kwa simu. Timu iliyoishi kwa kuchangishana ilimaliza ya pili katika ligi. Katika historia ya karibuni sioni mfano mzuri zaidi wa mapenzi ya mashabiki kwa klabu yao, na swali linalofuata ni la haki kabisa: watu walioaminiwa kuokoa klabu kwa senti zao, kwa nini hawakuaminiwa kuuliza maswali ya kina miaka miwili nyuma, kabla klabu haijafika ukingoni?

Hapa ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, na lina nguvu. Soka ya sasa ni ghali. Bila fedha za Mohammed Dewji Simba isingefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, bila za GSM Yanga isingecheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na shabiki anayetoa shilingi elfu chache hawezi kujilinganisha na anayetoa mabilioni. Mwenye fedha aachwe aamue. Nakubali sehemu ya kwanza: fedha hizo zimeinua kiwango cha mpira wetu kwa namna ambayo michango ya matawi isingeweza. Sehemu ya pili inasahau fedha hizo zinanunua nini. Mfadhili hawekezi kwenye nyasi. Anaweka nembo yake juu ya kifua kinachotazamwa na mamilioni ya watu, na watazamaji hao hawakutengenezwa na yeye. Mwaka 2021 Azam Media ilikubali kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kurusha Ligi Kuu kwa miaka kumi. Ondoa mashabiki wa timu mbili za Kariakoo, kisha uone nani angelipa hata robo ya kiasi hicho. Utajiri unaouzwa ni kutohama kwao. Aliyeleta mtaji huo ana haki ya kukaa mezani wakati wa hesabu, hata kama jina lake halipo kwenye hundi.

Kinachomzuia kukaa mezani mara nyingi ni mtani wake. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu utani wa Simba na Yanga ni moja ya mambo mazuri tuliyonayo, na kuona ukitumika kama pazia kunauma. Machi 8, 2025 watu walikuwa wamesafiri kutoka mikoani, wamelala kwa ndugu au kwenye nyumba za wageni, wamenunua tiketi za mchezo mkubwa kuliko yote nchini. Usiku uliotangulia Simba ilikuwa imesema imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani kama kanuni zinavyoruhusu na kwamba isingecheza. Siku yenyewe Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga ikapeleka timu uwanjani. Mchezo ulikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Kwa zaidi ya miezi mitatu iliyokuwa katikati, mjadala ulikuwa mkali mno, na karibu wote ulikuwa wa aina moja: wa Simba wakitetea uongozi wao, wa Yanga wakitetea wao. Msafiri wa Mwanza mwenye jezi nyekundu na msafiri wa Mbeya mwenye jezi ya kijani walikuwa wamepata hasara ile ile kwa siku ile ile. Walikuwa na swali moja la kuuliza, la nani anawajibika kwa nauli na muda wao, na wangeliuliza kwa sauti ambayo hakuna taasisi ingeweza kuipuuza. Waliishia kuitana makolo na utopolo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika jambo zito zaidi. Mei 28, 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali kati ya Yanga na USM Alger, msongamano kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa ulisababisha kifo cha mtu mmoja na majeruhi wapatao 30. Uwanja unaobeba watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, unajulikana milango yake, na umati wa fainali ya Afrika si jambo la kushtukiza. Usalama wa anayeingia getini ndilo jambo la kwanza ambalo shabiki mwaminifu angelipigania, maana anayekufa ni mwenzake, na wiki ijayo mtani atapita kwenye milango ile ile. Lakini kwa siku nyingi baadaye tuligombana zaidi kuhusu bao la ugenini lililoikosesha Yanga kombe kuliko kuhusu njia za kuingilia uwanjani.

Wazee wetu waliujua utani kwa maana pana kuliko hii. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, na uadui ule ukaja kugeuka utani. Mtani anakutukana mchana kweupe, anaingia msibani kwako akacheza na kuwachekesha wafiwa, na siku hiyo hiyo ndiye anayeshika kazi za msiba. Ana ruhusa ya kukuambia ukweli ambao ndugu yako anauogopa, na ana wajibu wa kukusaidia ambao hawezi kuukwepa. Utani wa Kariakoo umebakiwa na nusu ya kwanza. Ungerudishiwa nusu ya pili, shabiki wa Yanga angekuwa mtu bora wa kumwambia mwenzake wa Simba kwamba mkataba fulani unawaumiza, na mwenzake angemsikiliza badala ya kutafuta nani amemtuma.

Suala la kuwashangilia wageni nalo linahitaji kuzungumzwa hapa, kwa kuwa limekuwa kipimo cha uzalendo. Kila timu yetu inapocheza na Waarabu au Wakongomani, watani huvaa jezi za wageni, huwapokea uwanja wa ndege na kuwaimbia. Machi 2024, Simba ikijiandaa kucheza na Al Ahly na Yanga ikiisubiri Mamelodi Sundowns, waziri mwenye dhamana ya michezo aliwaonya hadharani wenye tabia hiyo. Siwaoni kama wahaini. Machi 24, 2019 Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kurudi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, uwanja ulijaa watu wa pande zote mbili na hakuna aliyeuliza rangi. Nchi ina nafasi yake na klabu ina yake. Ninacholalamikia ni kwamba tabia hiyo inaidhuru klabu ya anayeifanya. Safari ya Simba hadi robo fainali mwaka 2019 ndiyo kwa kiasi kikubwa iliyoiongezea Tanzania pointi hadi ikapewa nafasi nne badala ya mbili katika mashindano ya Afrika msimu uliofuata, na ni kwa nafasi hizo Yanga, iliyokuwa ya pili, ilicheza Ligi ya Mabingwa. Shabiki wa Yanga aliyevaa jezi ya TP Mazembe mwaka ule alikuwa akiomba mlango wa klabu yake ufungwe. Chuki dhidi ya mtani, ikichukuliwa kuwa ndiyo uaminifu, inaweza kumfanya mtu aishambulie timu yake mwenyewe kwa moyo mkunjufu.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu walioshuhudia miaka ya migogoro, na halipaswi kupuuzwa. Watasema: tumeona sauti za wanachama zilivyofanya. Tumeona Yanga Asili na Yanga Kampuni, tumeona Friends of Simba na waliowapinga, tumeona chaguzi zikipelekwa mahakamani na timu ikiingia uwanjani huku ofisi imefungwa kufuli. Tangu klabu hizi zisimame kama mashirika yenye rais, mtendaji mkuu na mwekezaji, kelele zimepungua na matokeo yamekuja. Ni kweli. Ila tuangalie kelele zile zilitokana na nini. Zilikuwa za klabu ambazo mwanachama hakuwa na njia ya kuona hesabu, daftari la wanachama lilikuwa na utata, na mkutano mkuu uliitishwa au kuahirishwa kwa matakwa ya aliyeko madarakani. Mtu aliyenyimwa meza hupigia kelele dirishani. Tiba yake ilikuwa utaratibu, na sehemu ya utaratibu huo imekuja: katiba mpya, uandikishaji wa kadi, matawi yanayotambuliwa. Sasa ambapo njia zipo, kumtaka mwanachama asizitumie kwa sababu baba yake alizikosa ni kumwadhibu kwa kosa la mfumo wa zamani. Na tukumbuke kwamba ugomvi wa miaka ile, pamoja na uharibifu wake, ulitokana na watu waliojiona wenye mali. Hakuna anayekwenda mahakamani kwa ajili ya kitu asichokijali.

Uingereza imetoa mfano ambao mashabiki wetu wa Ligi Kuu ya huko huenda hawaufahamu vya kutosha. Mei 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhama London kwenda Milton Keynes, mji ulio mbali na watu wake. Mashabiki waliopinga hawakusikilizwa. Wakaunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanza madaraja ya chini, mwaka 2011 wakaingia ligi nne za juu, na Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa ule ule klabu ilikotoka. Ukitazama haraka utaona wanafanana na waliounda Pan African, maana wote walitoka. Lakini waliounda Pan waliondoka na wachezaji wakaacha watu na mahali. Wa Wimbledon waliacha wachezaji, leseni na nafasi ya ligi, wakashika watu na mahali. Kampuni ndiyo iliyohama. Kisa hicho kinaonyesha pia mpaka wa hoja yangu: ipo hali ambapo kubaki chini ya jina si uaminifu tena, kwa sababu kilichokuwa nyuma ya jina kimeshaondolewa. Bado hatujafika huko, na njia ya kutofika ni kuuliza mapema.

Upo uaminifu mwingine unaotuzunguka, wa kijana wa Mbagala anayeilipia Arsenal au Manchester United kwenye kibanda umiza kila wikiendi. Siwezi kuudharau. Wapo waliosubiri ubingwa wa Arsenal tangu 2004 wakiwa wamesimama, na kusubiri namna hiyo ni kutohama kwa kweli. Upungufu wake ni kwamba sauti yake haifiki popote. Hana kadi yenye kura, hana tawi linalowakilishwa, na wakubwa wa klabu ile hawatajua kamwe kwamba amekasirika. Kwa klabu ya nyumbani anayo nafasi ambayo wenzake wa London wengi hawana, kwa kuwa timu zao zimeshanunuliwa kikamilifu.

Nafasi hiyo imeandikwa. Mwekezaji katika klabu za wanachama nchini anaruhusiwa kumiliki hadi asilimia 49, na 51 zinabaki kwa wanachama. Ndivyo Simba ilivyokubaliana na Dewji, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na Yanga nayo ilibadili katiba yake mwaka 2021 kwa mwelekeo huo. Ujerumani wana kanuni inayofanana na hiyo tangu 1998, na huko wanachama wamewahi kuzuia mambo makubwa kwa kuitumia. Kwetu asilimia hizo 51 zimekuwa kama heshima ya kutajwa kwenye hotuba. Mwanachama wa tawi la Tandika au la Geita anaweza kujua idadi ya mabao ya mshambuliaji wake kwa kila msimu na asijue jezi ngapi ziliuzwa, klabu ilipata asilimia ngapi kwa kila moja, fungu la haki za matangazo liliingia akaunti ipi, au ahadi ya mwekezaji imetimizwa kwa kiasi gani. Taarifa hizi hazihitaji shahada. Wapo katika kila tawi wahasibu, walimu, mafundi na akina mama wa vikoba wanaofunga hesabu za watu hamsini kila Jumamosi bila senti kupotea. Viongozi wazipeleke kwenye matawi mwezi mzima kabla ya mkutano mkuu, kwa Kiswahili cha kawaida, na tawi lipewe muda wa kuziuliza bila mtu kuitwa mamluki. Tawi la kwanza litakalosimama kudai hivyo, liwe la nyekundu au la kijani na njano, litakuwa limefanya kazi ya watu wote wanaolala Dar es Salaam kwa ndugu kusubiri mechi.